Unaenda kupasuliwa? Ulizia ile sindano ya antibiotiki mbele ya kisu

Bandugu, mi natumika mu bloku (chumba ya kupasulia bagonjwa) hapa Bukavu, niko infirmie, na kitu yenye inaniumizaka roho ni kuona famili inafika na mufuko ya flakoni kumi za seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, zenye balinunua Kadutu, makuta yote ilibakia ku farmasi, lakini ile sindano moya yenye ilipashwa kupita mbele ya kisu, hakuna mwenye aliiulizia.

Muelewe hivi: kisu ikipita tu ku ngozi, bidudu byenye bikalakaka pale binaingia, na dawa inapashwa ikuwe imeshafika mu damu na mu nyama mbele ya ile dakika. OMS (shirika ya afya ya dunia) ilisema mu 2016: ichomwe ndani ya dakika 120 mbele ya kukata. Kwa sefazolini, antibiotiki yenye bengi banatumikisha, ni gramu 2 mu mushipa, ndani ya saa moya mbele ya kukata, na mutu wa kilo 120 ao zaidi anapata 3. Operasio ikipitisha masaa 4, ao damu ikitoka zaidi ya litre moya na nusu, banarudilia. Hata sezariene, zamani balikuwa banangoyaka kwanza bakate kitovu ya mutoto, sasa banaomba ipite mbele ya kukata ngozi ya mama.

Sasa weye ufanye nini? Nyumbani, oga na sabuni muzuri, na usijinyoe na wembe hata jirani akikuambia nini, juu wembe inaachaka biraru bidogo-bidogo byenye bidudu binapenda sana. Kama penisilini ao ampisilini ilishakuvimbisha uso ao kukukatisha pumuzi, andika jina ya ile dawa ku karatasi na upatie docta, usingoye akuulize.

Ukisha lala ku meza, uliza na heshima: «Docta, antibiotiki balishanichoma? Saa ngapi?» Hakuna mutu atakasirika, mi nikisikia mugonjwa anauliza vile nafurahi kabisa. Kama ni mama yako njo anapasuliwa, uliza weye, mbele bamuingize.

Kisha operasio, bakikupatia ordonansi ndefu, uliza tena: hii ni ya kuzuia ao ya kutunza? Ya kuzuia, mara mingi kazi yake inaisha pale operasio inaisha, kuongeza siku tano haisaidie kidonda, inafundisha tu bidudu kuzoea dawa. Lakini kama apandisiti ilikuwa imeshapasuka ndani, ile ni ya kutunza, umalize yote vile docta alisema, usikate weye mwenyewe.

Na kidonda ikianza kuwa moto, kuvimba, kutosha usaha, ao homa ikupande, hata kama ni siku ya makumi mbili, rudia ku hopitali. Usifungue kapsile ya tetrasiklini na kumwanga unga yake pale, ile unga inagandaka juu, na usaha inabakia chini yake.