Kabla ya Kuuliza "Nani Atamchukua Mama": Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Makazi na Matunzo ya Mzee

Katika familia nyingi, swali la mahali atakapoishi mzee huulizwa kwa mara ya kwanza kwenye korido ya hospitali, baada ya mzee kuanguka bafuni au kupata kiharusi, na huulizwa kwa maneno haya: nani atamchukua? Watoto hutazamana, mmoja anataja udogo wa nyumba yake, mwingine anataja safari za kazi, na mwishowe mama huenda kwa yule aliyeshindwa kukataa. Naandika haya kwa ajili ya familia ambazo bado hazijafika kwenye korido hiyo, kwa sababu karibu kila jambo nitakalolitaja hufanyika vizuri zaidi mzee akiwa bado anatembea, anakumbuka na anaweza kusema mwenyewe anachotaka.

Jambo la kwanza ni kumuuliza mzee mwenyewe, na kumuuliza faraghani, maana mbele ya watoto wote wazazi wetu hujibu "mtakavyoona ninyi, wanangu", wakiogopa kuonekana wanampendelea mmoja. Sisi hatukumuuliza mama yetu. Aliishi kijijini wilayani Muheza, na magoti yalipoanza kumsumbua tulimleta Dar es Salaam kwa nia njema kabisa, tukampa chumba chenye kitanda kizuri na feni. Funguo za nyumba yake alizifunga kwenye pindo la khanga, na kila ilipokaribia magharibi alizipapasa kwa vidole na kuuliza kama kuku wamefungiwa. Chakula na dawa alipata kwa wakati, lakini majirani wa kupigiana hodi asubuhi, shamba lake dogo la mihogo na wenzake wa kwenda nao msibani walibaki kule. Baada ya miezi minane ndipo alipomwambia dada yetu mkubwa kwamba alichokuwa anahitaji tangu mwanzo ni mtu wa kumtekea maji na choo cha kukalia.

Mzee akishasema anachotaka, familia inapaswa kujua anachohitaji, na njia ya kukijua ni kukaa naye siku nzima pamoja na usiku wake, ukiandika kwenye daftari kila kazi anayosaidiwa: kuinuka kitandani, kuoga, kuvaa, kwenda haja, kupika, kumeza dawa, kutembea hadi barabarani. Usiku ndio husahauliwa. Mzee anayeamka mara nne kwenda chooni anahitaji mtu anayelala karibu naye, na mtu huyo hawezi kuwa yule yule anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini.

Swali la nani atamwogesha lijibiwe kwa jina la mtu. Katika jamii zetu nyingi baba mkwe na mkaza mwana huheshimiana kwa kuweka umbali, na nimeona familia ikimhamishia baba kwa mtoto wa kiume bila mtu kuuliza kwamba huyo mtoto akiwa safarini nani atamvua mzee nguo. Baba huyo alikaa siku tatu bila kuoga. Alikuwa anajibu kwamba hasikii joto, na mkwewe alikuwa analia jikoni. Kosa halikuwa la yeyote kati yao, bali la kikao kilichogawa chumba na chakula kikasahau kugawa kazi ya mwili. Kama hakuna mwanamume wa damu anayepatikana kila siku, basi atafutwe msaidizi wa kiume, na alipwe.

Nayo nyumba itazamwe kwa macho ya mtu mwenye magoti mabovu. Choo cha kuchuchumaa, ngazi mbili za kuingilia barazani, sakafu ya marumaru inayoteleza ikilowa na njia ya nje isiyo na taa ndivyo vinavyovunja nyonga. Vyuma vya kushikia ukutani, choo cha kukalia na mteremko wa saruji mlangoni ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Wastaafu wetu, ambao hupokea sehemu ya mafao yao kwa mkupuo na sehemu inayobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi, wangefanya vyema kuanza na marekebisho haya kabla ya kuongeza vyumba ambavyo wajukuu watalala mara moja kwa mwaka.

Wengi hufikiri kwamba mzee akibaki nyumbani na dada wa kazi jambo limekwisha. Dada huyo mara nyingi ni binti mdogo anayepika, anayefua na anayelea watoto, na sasa anaongezewa mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe kitandani. Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na dada huyo hakuna aliyemfundisha. Anayemtunza mzee awe na kazi hiyo tu, aonyeshwe na muuguzi namna ya kuinua na kuogesha, awe na siku ya kupumzika, na kuwepo mtu anayejulikana wa kushika nafasi yake. Hayo yanamhusu pia binti wa familia aliyeacha kazi yake ili amtunze mama, ambaye ndugu zake humshukuru kwa simu na kusahau kwamba hana mshahara.

Kuhusu makazi ya wazee, hofu na aibu vimefunika taarifa. Makazi ya Serikali kama Nunge kule Kigamboni, Njoro mkoani Kilimanjaro, Kolandoto mkoani Shinyanga, Fungafunga mkoani Morogoro au Bukumbi mkoani Mwanza yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na njia ya kuingia ni afisa ustawi wa jamii. Familia yenye watoto wenye kipato isiyategemee. Unguja yapo makazi ya Sebleni na Welezo, na huko Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 na kukidhi masharti ya ukaazi hupata Pensheni Jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Zipo pia nyumba zinazoendeshwa na watawa na taasisi za dini, na katika miji mikubwa huduma za watu binafsi za kulipia. Anayezifikiria aende bila kutoa taarifa, jioni wakati wa chakula: aone kama wasioweza kujilisha wanalishwa au sahani inaachwa mbele yao, aulize ni wahudumu wangapi hulala zamu, gari gani hutumika mtu akizidiwa usiku, na kama mzee ataweza kuswali au kwenda kanisani. Aulize pia, bila kuona haya, mzee akifariki atazikwa wapi na nani, kwani hilo ndilo linalowanyima wazee wengi usingizi.

Nyaraka nazo zitayarishwe mapema. Mchangiaji wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, katika utumishi wa umma huandikisha wategemezi wasiozidi wanne mbali na mwenza wake, na wazazi hugombea nafasi hizo na watoto. Ndugu wakae waone ni nani kati yao ana nafasi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma, lakini kitambulisho chake kitafutwe kwenye halmashauri kabla hajaugua. Alama za vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mara nyingi hazisomeki kwenye mashine, kwa hiyo usajili wa laini ya simu na uhakiki wa pensheni visiachwe hadi siku ya mwisho. Hati ya kumpa mtoto mamlaka ya kutenda kwa niaba yake hutolewa na mtu mwenye akili timamu. Usahaulifu ukishaingia, mlango huo umefungwa. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kwa wenye wazazi Usukumani liongezwe jambo moja zito: bibi anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni, bado anaweza kuitwa mchawi, na wengine wameuawa kwa neno hilo. Mjukuu mkubwa wa kulala naye na jirani wa kuaminika ni ulinzi wa lazima.

Uamuzi wowote utakaofikiwa uwe wa majaribio kwa miezi mitatu, na tarehe ya kikao cha kuutazama upya iandikwe, mzee akiwapo na akizungumza wa kwanza. Nyumba yake isipangishwe wala kuuzwa kabla ya kikao hicho, na funguo abaki nazo mwenyewe.