Kuhama dawati la msaada wa IT ukiwa umepita miaka arobaini

Simu ya ofisini kwetu ilikuwa na mlio wake, na hadi leo nikiusikia kwa mtu mwingine ndani ya Hiace ya Kibosho kifua kinabana. Miaka kumi na tatu nilikuwa mtu wa IT hapa Moshi: printa imegoma, nywila imesahaulika, mtandao umekata, mashine ya risiti haisomi. Nilipofika miaka 43 nilianza kuwachukia watu ambao hawajanikosea kitu. Mhasibu akitokea mlangoni, kabla hajafungua mdomo nimeshakasirika. Sasa nina miaka 46, natoa taarifa kutoka kwenye kanzidata, yaani majedwali ya kumbukumbu ndani ya kompyuta, na usiku nalala. Naandika njia niliyopita kwa ajili ya mwenzangu aliyeko pale nilipokuwa, mwenye watoto shuleni, ambaye hawezi kuamka tu Jumatatu akaacha kazi.

Pumzika kabla hujachagua

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa. Lilisema si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini, na dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuikimbia kazi au kuiona chungu, na kuona kwamba hufanyi tena chochote cha maana. Zote tatu zilikuwa zangu. Lakini kama wiki zinapita hulali, huli, au unawaza kufa, usianze na mwongozo huu. Nenda hospitali kwanza.

Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Yangu nilikuwa naikatakata: siku mbili za msiba, tatu za harusi. Desemba ukoo mzima unapanda nyumbani kwa Krismasi, mimi nimebaki mjini na ufunguo wa chumba cha seva. Mwaka ule niliomba siku zote kwa pamoja, nikamkabidhi mwenzangu simu ya kazi, nikapanda kihambani, shamba la nyumbani, kwa mama. Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nilikata majani ya ng'ombe na kupunguza migomba, na kila baada ya muda mkono unaenda mfukoni kutafuta simu ambayo haipo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu inakudai nini?" Sikuwa na jibu. Wiki ya tatu ndipo akili ilianza kufikiri mambo ya mbele. Ningechagua kazi mpya kabla ya hapo, ningechagua yoyote isiyo na simu, hata kama siiwezi.

Daftari la mwezi mmoja

Niliporudi nilinunua kaunta buku. Kila tatizo nililoitiwa niliandika ni kazi gani, imechukua dakika ngapi, na baada yake najisikiaje: jumlisha au toa. Basi. Usiongeze safu nyingine, hutaijaza.

Nilikuwa nimeamini kwamba nimezichoka kompyuta. Daftari likasema vingine. Karibu kila alama ya toa ilikuwa kwenye kazi iliyoniingilia nikiwa katikati ya nyingine. Printa yenyewe, nikiachwa nayo, haikunisumbua. Na kulikuwa na jumlisha zilizojirudia: kila mwisho wa mwezi mhasibu aliniomba nimtolee orodha ya wadaiwa ambayo mfumo wetu haukuwa na kitufe chake. Hapo saa mbili zilipita bila kuzihisi. Kazi hiyo nilikuwa naiita kero kwa sababu ilikuja kwa mlango uleule na kero nyingine.

Kwa hiyo chunguza kinachokuchosha ni kipi hasa, maana kila jibu lina njia yake. Kama ni kukatizwakatizwa, kama mimi, tafuta kazi ya kukaa na tatizo moja kwa saa nyingi: kanzidata, taarifa, kupima programu kabla hazijatoka. Kama watu hawakuchoshi ila mashine ndizo zinakuchosha, basi ufundishaji wa mifumo unakufaa sana. Mtu aliyejibu maswali ya wahasibu na manesi miaka kumi anajua kufundisha kuliko aliyeandika mfumo wenyewe. Kama ni simu za usiku, kuwa mwangalifu na ulinzi wa mitandao. Vijana wanausifia kwa mshahara, lakini sehemu kubwa ya kazi zake za kuanzia ni kukesha kwa zamu ukiangalia tahadhari. Utakuwa umehama nyumba na kubeba kunguni.

Kujifunza bila kujiua tena

Nilichagua SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, ambayo tayari nilikuwa naigusa bila kuielewa. Niliweka PostgreSQL, programu ya kanzidata, kwenye laptopu yangu ya zamani. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji bando. Nilijipa saa moja, kumi na moja hadi kumi na mbili alfajiri, siku nne kwa wiki. Jioni nilijaribu nikashindwa. Mtu aliyeongea na watu siku nzima hana kichwa jioni.

Anza na jambo unalolijua tayari. Nilitengeneza jedwali la tiketi za kubuni, yaani maombi ya msaada wa IT, lenye idara, aina ya tatizo, tarehe na dakika, kisha nikauliza:

SELECT idara, COUNT(*) FROM tiketi GROUP BY idara;

Mstari huo unapanga tiketi kwa idara na kuzihesabu. Nilipoona idara zinajipanga na idadi zake nilielewa nilichokuwa nafanya kwa mkono kwenye Excel miaka yote ile.

Nasisitiza: tiketi za kubuni. Usitoke na data ya mwajiri kwenye flashi, hata kama umeiingiza wewe mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina na namba za simu za watu ni taarifa zao.

Miezi minne ya mazoezi inatosha kukuonyesha kama unaipenda. Baada ya hapo unahitaji kazi ya kweli, hata ndogo. Mimi nilikwenda kwenye chama cha msingi cha ushirika cha kijijini kwetu, ambako mama anauza kahawa. Mapokezi yao yalikuwa kwenye vitabu: mkulima, kilo, tarehe, malipo ya awali. Malipo ya pili yakifika, katibu anakaa siku nyingi na kikokotoo, na wazee wanalalamika kwamba kilo zao hazitimii. Niliomba ruhusa ya bodi, nikaingiza msimu mmoja, kila mkulima kwa namba yake ya uanachama bila jina. Hapo ndipo nilijifunza kweli. Mkulima mmoja alikuwa na namba mbili kwa sababu alirithi ya baba yake. Kilo nyingine ziliandikwa kwa debe. Hakuna kozi iliyonifundisha hayo, na kwenye usaili ndiyo niliyoulizwa zaidi.

Pesa na barua

Kwanza nilijaribu kuhamia ndani kwa ndani. Nilimwomba bosi anipe taarifa za mwezi ziwe kazi yangu rasmi, simu ipokewe na mtu mwingine. Akajibu, "Sasa simu nani atapokea?" Nilijua hapo. Lakini omba, wapo wanaokubaliwa, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Mimi na mume wangu tulikubaliana sitaandika barua hadi kikoba na akiba vifikishe matumizi ya miezi sita. Ilichukua mwaka na nusu. Na usiache kazi Desemba au Januari: ada, sare na nauli za kurudi shule zitakula akiba kabla hujaanza kuitafuta kazi.

Kabla ya barua, nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uhakikishe michango yako yote imefika. Ukiwa bado ndani ni rahisi kudai pengo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Siku ya mwisho dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria.

Usaili

Kwenye CV nilifuta "kutoa msaada kwa watumiaji" nikaandika nilichofanya: nilitoa orodha ya wadaiwa kila mwezi, nilihamisha vitabu vya msimu mzima wa kahawa kwenda kwenye kanzidata, niligundua wanachama wenye namba mbili. Msaili anaweza kuuliza juu ya kila mstari.

Kijana aliyenisaili alianza na "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, kisha nikafungua laptopu nikamwonyesha kazi, kabla ya mazungumzo ya umri kupata nafasi. Aliniuliza kwa nini naacha kazi ya miaka yote hiyo. Nilimwambia ukweli kwa kifupi: nataka kukaa na tatizo moja hadi liishe. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani, hata kama moyo umejaa.

Mshahara wa kwanza ulikuwa chini ya ule wa zamani, na ilinichukua miezi kumi na nne kuufikia tena. Jipangie hivyo, na mwambie mwenzi wako mapema.

Kilichobaki ni majirani. Kwao bado ni mtu wa IT, na Jumapili baada ya ibada kuna mwenye simu iliyojaa au printa ya kanisa. Mwanzoni nilikubali kila mara, na ule mbano wa kifua ukarudi. Sasa kuna kijana fundi karibu na stendi, mwaminifu, anayetafuta wateja. Namba yake nimeiandika kwenye vikaratasi, naviweka kwenye mkoba, na ninampa kimoja kila anayeuliza.