Somo: Simu, video na data kwenye kebo moja

Wengi wakitaka kupitisha simu za ofisi kwenye mtandao wa kompyuta, huanza kwa kununua simu za mezani. Mimi nasema simu zije mwisho. Tuchukue mfano wa duka la jumla lenye ofisi Kampala na ghala Busia, simu kumi.

1. Piga hesabu. Simu moja ya G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda, na vilevile kurudi. Zote kumi zikiongea pamoja hazifiki megabiti 1. Mlafi ni video. Muulize mtoa huduma kasi ya kupandisha. Matangazo hutaja ya kushusha.

2. Kebo ya mtandao ya Cat6, isizidi mita 100. Swichi iwe ya PoE, yaani inalisha simu umeme kwa kebo hiyohiyo. Weka inveta na betri kwenye swichi, ruta na seva tu, umeme ukikatika simu zote zinabaki hai.

3. Simu zipe VLAN yake, yaani njia iliyotengwa ndani ya mtandao huohuo, na kipaumbele kwenye ruta. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili nani atajua? Sauti ikivuka milisekunde 150 watu wanakatizana.

4. Seva: Asterisk, programu inayounganisha simu za ofisi, ni ya bure. Busia iunganishwe kwa VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, na ghala linakuwa ekstensheni tu (namba ya ndani ya ofisi), hakuna kulipia dakika.

5. Nywila. Mteja wangu mmoja alikuwa na ekstensheni 101, nywila 101, na mimi mwenyewe nikaacha mlango 5060, ambako seva hupokea maombi ya simu, wazi "mpaka kesho". Usiku huohuo wezi walipiga simu za ng'ambo hadi salio likaisha. Hasara tuligawana. Siku hizi 5060 naifungulia anwani ya mtoa huduma peke yake, na simu za kimataifa nazifunga hadi bosi aziombe.

Maswali ya wanachama

Mbale: Fundi, mteja ananisikia, mimi simsikii.
Jibu: Hiyo ni NAT, yaani ruta inaficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja ya nje. Iambie Asterisk anwani yako ya nje, fungua milango ya sauti ya UDP, uzime SIP ALG (kipengele kinachobadilisha ujumbe wa simu) kwenye ruta.

Arua: Naweza kubaki na laini yangu ya kawaida, wateja wameizoea?
Jibu: Ndiyo, kwa geti ya GSM, kifaa kinachochukua kadi ya simu (SIM). Ila usipitishie humo simu za watu kutoka nje ya nchi, ndugu yangu. Hiyo ni simboksi, na watu wamefikishwa mahakamani kwa ajili yake.