Somo: Kuuza Uingereza ukiwa Dar au Nairobi bila kushika mzigo

Habari zenu wakuu. Wengi mmeomba somo la dropshipingi kwa mtu anayeishi huku na kuuza nje. Nimeona nichukue nchi moja tu ili tusiongee juu juu, nayo ni Uingereza. Saa zao haziko mbali na zetu, sheria zao za biashara ziko wazi kwenye tovuti ya serikali, na katika miji yao mikubwa hukosi ndugu au rafiki wa rafiki wa kukupokelea sampuli.

Kwa asiyejua, biashara yenyewe iko hivi: mteja analipa kwenye duka lako la mtandaoni, wewe unamlipa msambazaji bei ya jumla, msambazaji anafunga mzigo na kuupeleka moja kwa moja kwa mteja. Wewe huugusi. Kinachobaki baada ya gharama zote ndicho chako, na hizo gharama ndizo watu hawaambiwi.

Mafunzo mengi huanza na kutafuta bidhaa inayotamba. Mimi naanzia kwingine. Ukiwa nje ya nchi ya mteja, maduka yanakufa kwa mambo mawili: pesa itakufikiaje, na mzigo ukikataliwa utarudi wapi. Yajibu hayo kwanza, bidhaa ifuate.

Hatua ya 1: Njia ya pesa

Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania wala Kenya. Shopify Payments, huduma ya malipo ya Shopify (jukwaa la kujengea maduka ya mtandaoni), nayo haijafika kwetu. PayPal ya Kenya inapokea, na pesa unaitoa kwenda M-Pesa. Ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu. Hapo ndipo watu wanapoingia kwenye ujanja: kukodi akaunti ya mtu, kununua akaunti "iliyothibitishwa", kuweka anwani ya uongo na kujificha nyuma ya VPN. Nawaomba sana, msiguse huko. Hao wa kampuni za malipo wanakuacha uuze kwanza. Pesa ikishakusanyika wanaomba pasipoti na uthibitisho wa anwani, ukishindwa akaunti inafungwa na pesa inashikiliwa, huku wateja wanadai mizigo yao. Na huna pa kulalamika, maana akaunti si yako.

Njia safi ni kusajili kampuni kule kule. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mkurugenzi awe raia wala mkazi. Usajili unafanyika mtandaoni Companies House, yaani msajili wa makampuni wa kule, na ada tangu Februari 2026 ni pauni 100. Unahitaji anwani halisi ya ofisi ndani ya Uingereza. Sanduku la posta halikubaliwi tangu Machi 2024. Tangu tarehe 18 Novemba 2025 mkurugenzi mpya lazima pia athibitishe utambulisho wake. Kila mwaka kuna taarifa na hesabu za kupeleka, hata kama hukuuza kitu.

Kazi ngumu ni benki. Benki nyingi za kule humkataa mkurugenzi asiyeishi nchini, kwa hiyo wengi hupitia kampuni za fedha za mtandaoni kama Wise na Payoneer. Waulize kabla hujalipa ada ya kampuni. Waandikie wazi: naishi Tanzania, kampuni itakuwa ya Uingereza, nitauza bidhaa fulani kwa wateja wa Uingereza, mtanifungulia akaunti? Jibu lao litunze. Nimeona watu wana cheti cha kampuni kizuri kabisa na hawana pa kupokelea hata pauni moja.

Hatua ya 2: Mzigo utoke Uingereza na urudi Uingereza

Kuagiza kipande kimoja kimoja kutoka China kwenda kwa mteja wa Birmingham bado kunawezekana, lakini mimi sikushauri. Chukulia mteja amepokea, hajapenda, anataka kurudisha. Unamwambia aupeleke Shenzhen? Kwa gharama ya nani?

Sheria iko upande wake. Aliyenunua mtandaoni ana siku 14 tangu apokee mzigo kubadili mawazo bila kutoa sababu, kisha siku 14 nyingine za kuurudisha. Wewe unamrudishia bei aliyolipa pamoja na nauli ya kawaida ya kumpelekea. Usipomweleza haki hiyo wakati ananunua, muda wake unaweza kurefuka hadi miezi 12 zaidi. Na usipoandika kwamba nauli ya kurudisha ni juu yake, inakuwa juu yako. Sentensi mbili tu kwenye ukurasa wa masharti, lakini zikikosekana zinakula faida ya mwezi mzima. Bidhaa ikiwa mbovu ni habari nyingine: ana siku 30 za kuikataa na kudai pesa yake yote, na hapo gharama ni zako.

Kwa hiyo tafuta muuzaji wa jumla mwenye stoo ndani ya Uingereza anayekubali kutuma kwa wateja wako na kupokea marejesho. Wengi wanadai namba ya kampuni kabla ya kukufungulia akaunti, ndiyo maana hatua ya 1 imetangulia. Muulize mambo haya kwa maandishi: oda ikiingia kabla ya saa ngapi inaondoka siku hiyo hiyo, anatumia msafirishaji gani, namba ya kufuatilia mzigo inapatikana lini, marejesho anayapokea kwenye anwani ipi na kwa tozo gani.

Kisha nunua sampuli kama mteja wa kawaida, ipelekwe kwa ndugu yako kule. Mwambie asifungue mpaka awashe kamera. Kwenye video angalia jina la mtumaji kwenye lebo, angalia boksi limebonyea au la, na zaidi ya yote angalia karatasi iliyomo ndani. Kuna wasambazaji wanaacha ankara yenye bei ya jumla ndani ya kifurushi. Mteja aliyekulipa pauni 30 akikuta karatasi ya pauni 9, hata taulo liwe zuri namna gani, atataka kurudishiwa pesa.

Hatua ya 3: VAT, isikushtue mbele ya safari

Mfanyabiashara wa Uingereza haanzi kukusanya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mpaka mauzo yavuke pauni 90,000 kwa mwaka. Wengi husoma hapo wakafurahi. Wewe uliye nje kiwango hicho hakikuhusu. Muuzaji asiye na ofisi wala watu kule anatakiwa kujisajili tangu mauzo ya kwanza, na kampuni ya Uingereza inayoendeshwa kutoka sebuleni Tabata, ikiwa na anwani ya kukodi tu, huhesabiwa hivyo hivyo. VAT yenyewe ni asilimia 20. Na wanaoleta mzigo kutoka nje wenye thamani isiyozidi pauni 135, tangu Januari 2021 VAT inakusanywa na muuzaji wakati wa kuuza. Tafuta mhasibu wa kule anayezoea wauzaji wa nje. Hapa usibane matumizi.

Hatua ya 4: Bidhaa na hesabu yake

Tafuta kitu chepesi, kisichovunjika, kisicho na saizi, kisicho na betri. Nguo na viatu vinarudi sana kwa sababu ya saizi. Vipodozi na vitu vya watoto vina masharti mazito ya usalama. Vya umeme navyo ni mtego: kule plagi ni ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani, kama za kwetu, na sheria yao ya 1994 inataka kifaa kiuzwe kikiwa na plagi hiyo. Kifaa cha pini mbili kilichochomekewa adapta ya bei rahisi kinaweza kuunguza nyumba ya mtu, na muuzaji ni wewe.

Tuchukue taulo la kukaushia mbwa. Waingereza wanatembeza mbwa hata mvua ikinyesha, na mvua kwao haikosekani. Unauza pauni 30, pamoja na kumpelekea. VAT humo ndani ni pauni 5 (asilimia 20 ya 25), zinabaki 25. Msambazaji anachukua 9, usafirishaji 3.50. (VAT uliyotozwa juu ya hizo unaidai kwenye ritani, yaani taarifa ya VAT unayopeleka serikalini.) Stripe kwa kadi ya kawaida ya Uingereza inakata asilimia 1.5 na peni 20, yaani peni 65. Tangazo, tuseme limekugharimu pauni 7 kwa kila oda. Umebaki na 4.85.

Oda kumi ni pauni 48.50. Sasa moja irudi. Umerudisha pauni 30. Ile VAT ya 5 hudaiwi tena, lakini 25 zimetoka. Faida yako imeshuka hadi 23.50 kwa taulo moja tu, labda msambazaji akubali kulirudisha stoo. Zikirudi mbili, umeingia hasara. Fanya hesabu hii kwa bidhaa yako kabla hujalipia hata tangazo moja.

Hatua ya 5: Duka lenyewe

Hapa ni haraka. Shopify ni rahisi kwa anayeanza, WooCommerce ni nafuu kwa anayejua kujenga tovuti kwa WordPress. Weka jina la kampuni, namba yake, anwani na barua pepe panapoonekana. Onyesha bei ya mwisho, si bei inayoongezeka mteja akifika kwenye malipo. Na usiingize maoni ya wateja wa duka lingine ukayafanya yako. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 maoni ya kughushi yamepigwa marufuku kwa sheria kule, na mamlaka yao ya ushindani inaweza kutoza faini hadi asilimia 10 ya mauzo yote ya kampuni.

Hatua ya 6: Huduma

Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Mtu akitoka kazini saa 12 jioni London akakuandikia, kwako ni saa 2 au 3 usiku. Pangeni zamu, au andika wazi kwamba majibu ni ndani ya siku moja ya kazi, na mtimize. Mzigo ukichelewa, mwandikie mteja kabla hajakuuliza. Aliyekaa kimya kwa wasiwasi hupiga simu benki kwake kupinga malipo, na hapo pesa inakatwa kwako pamoja na tozo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Shikamoo dada. Mtaji kiasi gani unatosha kuanza?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Watu huhesabu tovuti na matangazo, wanasahau pesa ya kuzungusha. Stripe malipo ya kwanza hukutumia baada ya siku 7 hadi 14, lakini msambazaji anataka yake leo. Kwa mfano wetu kila oda unamlipa pauni 15 pamoja na VAT. Oda tatu kwa siku kwa siku 14 ni pauni 630 kutoka mfukoni mwako, kabla ya matangazo. Kama huna, punguza kasi ya matangazo. Usichukue mkopo wa riba kwa ajili ya hili.

Swali (Nairobi): Nina PayPal ya Kenya tayari. Naweza kuanza nayo bila kampuni?

Jibu: Kupokea utapokea. Lakini VAT bado inakudai, na wasambazaji wengi wa jumla wataomba namba ya kampuni. Akaunti mpya pesa inaweza kushikiliwa hadi siku 21, na mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko, kwa hiyo kila oda iwe na namba ya kufuatilia inayoonyesha mzigo umefika. Mapato yatangaze KRA. Kenya ina mkataba na Uingereza wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Tanzania haina, ndugu zangu mnaolipa kodi TRA mlijue hilo na mkae na mhasibu mapema.

Swali (Dodoma): Mkuu, mbona umeiacha Marekani? Soko kubwa zaidi.

Jibu: Sijaidharau. Zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia bila ushuru, na biashara nyingi za mzigo wa China zilisimama juu ya msamaha huo. Kwa China na Hong Kong uliondolewa tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi nyingine zote tarehe 29 Agosti 2025. Ukitaka kwenda kule tumia msambazaji mwenye stoo kule kule. Na ukisajili LLC (aina ya kampuni ya kule) ukiwa mmiliki pekee wa nje, kuna fomu ya kodi 5472 ya kila mwaka. Kutoipeleka faini yake inaanzia dola 25,000. Mawakala wa kusajili wengi hawakukumbushi.

Swali (Leicester): Mdogo wangu wa Tanga anataka anwani yangu iwe ya ofisi na ya marejesho. Kuna hatari kwangu?

Jibu: Anwani ya ofisi inaonekana na kila mtu kwenye daftari la kampuni, na barua za HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, zitakuja mlangoni kwako. Kama unapanga nyumba, msome mkataba wako kwanza. Marejesho unaweza kumpokelea, mkiandikiana: vifurushi vingapi kwa wiki, vikae kwako muda gani, nani analipa posta. Kitu kimoja ukatae: kuwa mkurugenzi wa jina tu. Hesabu zisipopelekwa, anayewajibika kisheria ni mkurugenzi, na wewe ndiye uliye karibu na mamlaka za huko.

Swali (Zanzibar): Mimi nina mikoba ya ukili ya akina mama wa hapa. Naweza kuuza kwa mtindo huu?

Jibu: Kwa kutuma mmoja mmoja kwa posta, nauli itakushinda. Peleka shehena ndogo kwenye stoo ya Uingereza inayofunga na kutuma kwa niaba ya wauzaji, kisha duka lako lifanye kazi kama nilivyoeleza. Tangu Juni 2023 Uingereza ina mpango wa DCTS wa unafuu wa ushuru kwa nchi zinazoendelea, na kwa mpango huo Tanzania ikiwa nchi maskini zaidi kimaendeleo inaingiza karibu bidhaa zote bila ushuru wa forodha, mradi uwe na uthibitisho kwamba mikoba imetengenezwa hapa. VAT ya kuingiza bado utalipa na kuidai kwenye ritani. Anza na aina mbili au tatu za mikoba, rangi zisizofifia, na kila mmoja ukaguliwe mishono kabla haujapanda meli.