Droo ya jikoni imejaa mpaka inakwama? Pima kwanza, trei utanunua baadae

Jamani leo nataka tuongelee droo za jikoni, hasa ile ya juu, ile ambayo ukiivuta inatoka nusu afu inagoma kwa sababu kuna mpini wa upawa umesimama huko ndani. Mimi nimeishi na droo ya hivo miaka mitatu hapa Dar kwenye nyumba ya kupanga, jiko dogo lina droo tatu tu zimepandana pembeni ya jiko la gesi, na nilikuwa naona ni kawaida. Mpaka siku mama alipokuja kunisalimia, akaamka alfajiri ajichemshie chai, hakutaka kuniamsha, akaingiza mkono kutafuta kijiko akakutana na kisu kidogo cha kumenyea kilichokuwa kimelala makali juu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda amejifunga kidole na ncha ya khanga, damu imepita mpaka upande wa pili, na bado ananiambia sio kitu mwanangu endelea kulala. Toka siku ile mimi droo siioni tena kama jambo la urembo wa jiko.

Kama yako imekwama sasa hivi usiivute kwa nguvu. Ivute taratibu mpaka pale inapogomea, chukua rula ya shule au kisu cha mezani kile bapa kisicho na makali, kipitishe kwa juu kwenye upenyo, kandamiza chini hicho kilichosimama, huku mkono mwingine unairudisha droo ndani kidogo ndo unavuta tena. Ukilazimisha utang'oa skrubu za reli, vile vyuma droo inavyotelezea, na makabati mengi siku hizi ni MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, skrubu ikishang'oka kwenye MDF tundu linageuka unga na haikamati tena, hapo unamwita fundi kwa kitu ambacho rula ingemaliza.

Ikishafunguka, itoe vitu vyote. Namaanisha vyote, sio kusogeza vya mbele ukaacha vya nyuma, tandika mkeka au khanga chini sakafuni umwage kila kitu uone kwa macho. Mimi nilikuta vijiko vya chai 31, sisi tuko wanne ndani ya nyumba. Miko sita, mitatu imepasuka ncha. Vifungua chupa vinne, vijiti vya mishikaki vimetawanyika (hivi navyo ni hatari, vinachoma chini ya kucha), risiti za luku zilizofutika maandishi, betri zilizovuja, mishumaa ya kipindi cha mgao, chujio la chai halina mpini, na huko nyuma kabisa rambo zimekunjwa kunjwa za tangu kabla hazijapigwa marufuku Juni 2019. Droo inakuwa kama kaburi la vitu ambavyo mtu hakuwa na moyo wa kutupa siku ile.

Gawa mafungu. Kuna vya kila siku, vya mara moja moja kama kisukumio cha chapati na greta ya karoti, vya wageni na sikukuu, na visivyo vya jikoni kabisa. Betri, risiti, bisibisi na funguo za kufuli lisilojulikana vitoke, vitafutiwe boksi lao sehemu nyingine. Vya Idi na Krismasi vifungwe kwenye mfuko wa kitambaa viende kabati la juu, kwa sababu kitu unachokigusa mara mbili kwa mwaka hakina haki ya kukaa mahali unapofungua mara kumi kwa siku. Mwiko uliopasuka utupe bila huruma, ule mpasuko unashika uji na ugali ndani na sponji haifiki huko. Kwangu kilichobaki hakikufika hata nusu ya nilichomwaga, na hapo bado sijanunua trei yoyote ya kupangia vijiko.

Sasa kupima, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo wengi tunapoteza hela. Uso wa droo unadanganya. Wangu una upana wa sentimita 45, nikaenda Kariakoo nikanunua trei nikijua nina sentimita 45 za kuchezea, nimefika nyumbani ndani ni 35 na nusu tu. Zimeenda wapi? Hesabu yake ni hii, kabati lenyewe lina kuta mbili pembeni, afu reli za kawaida zile za pembeni kila moja inakula karibu nusu inchi, yaani milimita 12 na kitu, kulia na kushoto, afu ubao wa boksi la droo nao una unene wake pande zote mbili. Ukijumlisha, karibu sentimita 10 zimeondoka na hujaweka hata kijiko. Kwenda ndani ni hivo hivo, reli ni za inchi 18 ambazo ni kama sentimita 45, lakini nafasi halisi ya ndani kwangu ni 42, na ile trei ilikuwa na urefu wa 45, kwa hiyo haikuingia hata kwa kuigeuza. Nilimpa jirani yangu mwenye kabati kubwa.

Kwa hiyo chukua futi ya fundi, pima ndani kwa ndani, chini kabisa pale trei itakapokaa, upana mbele na upana nyuma maana droo za mafundi wetu mara nyingine nyuma zinabana kidogo, andika ile namba ndogo. Pima urefu wa kwenda ndani. Afu pima kimo, ambacho watu wote wanakisahau. Kimo sio ubao wa pembeni wa droo, ni kutoka chini ya droo mpaka ule ubao wa kabati unaopita juu yake, na pale futi haiingii droo ikiwa imefungwa. Mimi ninatumia donge la unga wa chapati uliokandwa. Lisimamishe juu ya kikombe au kopo ndani ya droo, lifunge kwenye kipande cha nailoni lisichafue, sukuma droo taratibu, fungua, angalia. Kama limekwanguliwa kichwa, basi pima kutoka chini mpaka pale lilipokatwa, hicho ndo kimo chako. Ondoa sentimita moja ya usalama. Trei nyingi zina kimo cha kama sentimita 5 au 6, sio mbaya, kinacholeta shida ni upawa wenye kichwa kikubwa ukiulaza juu ya vingine.

Kuhusu trei zenyewe. Hizi za kupanuka zinakuja na mabawa, yaani katikati kuna vyumba vinne au vitano vya kawaida na pembeni kuna kipande kinachoteleza kutoka nje kama droo ya kiberiti, ukivuta unapata chumba kingine kulia, na nyingine hata kushoto. Watu wanauliza inapanuka mpaka ngapi, swali zuri, ila uliza pia ikiwa imefungwa kabisa ni ngapi. Kama imefungwa ni 33 na droo yako ndani ni 30, mabawa hayatakusaidia chochote, nunua vile vitrei vidogo vidogo vya kupanga kimoja kimoja. Ukiwa dukani ifungue na kuifunga mara kadhaa, bawa liteleze bila kukwama lakini lisiwe legelege, likilegea kila ukivuta droo litakuwa linajirudisha lenyewe na vijiko vinamwagika kwenye upenyo.

Za mianzi ni nzuri machoni na ngumu, ila kwa sisi wa pwani joto na unyevu wake huu, mwanzi ukilowa unaota ukungu mweusi kwenye kona. Vijiko vikauke kabisa kabla havijaingia, usitoe kwenye maji ukatumbukiza. Na usipake mafuta ya kula ati ung'ae, yatachacha yanate vumbi na yanuke. Za plastiki hazina shida na maji, unaosha kwenye sinki unaanika kivulini, kwangu mimi kama droo iko karibu na sinki na nyumba ina watoto, plastiki inanitosha. Kuna na vile vibao vya kutenganisha vyenye springi ndani, unakibana kinaingia, unakiachia kinajikaza kwenye kuta za droo. Hivyo ni vya droo ya pili na ya tatu kwenye vitu virefu, angalia ncha zake ziwe na raba, bila raba vinakwangua ubao na vinahama.

Kama hela haipo mwezi huu usisubiri. Boksi la simu ni gumu kuliko unavyodhani, mfuniko na kitako unapata vyumba viwili vya vitu vidogo. Boksi la viatu likate kimo kinacholingana na droo. Na ukiwa na fundi seremala mtaani, mwambie akukatie vipande vya plaiwudi nyembamba kimo cha sentimita 6, kila kipande akikate mfereji mpaka nusu ya kimo chake kila baada ya sentimita 8 hivi, afu unavichomeka kimoja kwa kingine kama msalaba. Ukitaka chumba kikubwa unachomoa kipande unahamisha mfereji mwingine. Hiyo tayari ni trei ya kurekebishika na inakaa sawasawa na droo yako, sio na droo ya mtu wa China.

Kabla ya kuweka chochote, futa droo kwa maji ya sabuni, kausha, tandika chini mpira wa vishimo vishimo ule wa kuzuia kuteleza, uukate kwa kipimo kile ulichoandika. Bila huo trei itakuwa inaenda mbele na nyuma kila ukifunga.

Kupanga, mimi nilipanga mara mbili. Mara ya kwanza nilipanga ninavyopenda mimi, siku ya tatu kila kitu kimevurugika nikakasirika. Nikakaa nikatafakari, anayeshinda jikoni ni dada anayenisaidia kazi, mimi narudi saa moja jioni. Nikamwambia dada, hebu pika kama kawaida nikuangalie. Anasonga ugali kwa kulia, upawa anauchukua kwa kushoto, kijiko cha chumvi anakitafuta mara sita saba. Basi nikamwachia apange yeye mwenyewe, vya kusongea na kupakulia akavisogeza droo ya pili upande wa jiko, vijiko vya chai akavileta mbele kabisa droo ya juu upande wa kulia, uma nyuma kwa sababu kwetu uma hautoki mpaka aje mgeni au kuwe na tambi. Toka apange yeye huu ni mwezi wa nane, haijavurugika.

Mwiko mrefu ukikataa kukaa, ulaze kimshazari kutoka kona mpaka kona. Droo yangu ya 35 na nusu kwa 42 kona kwa kona inafika 55, mwiko wa sentimita 50 unalala bila tatizo, tena vile vipembe viwili vinavyobaki unaweka kifungulia makopo na kile cha kumenyea viazi. Mbuzi ya nazi, kinu na mchi usihangaike navyo, hivyo sio vitu vya droo.

Visu sasa. Visu havikai chumba kimoja na vijiko, kamwe. Vipe chumba chao pembeni, mipini yote inakutazama wewe unayefungua, makali yote yameelekea upande mmoja kwenye ukuta wa droo, na kila kimoja kivishe ala hata ya boksi gumu lililokunjwa na kufungwa gundi ya karatasi. Kama una mtoto anayefikia droo ya juu, visu vihame kabisa viende kabati la juu.

Mende wale wadogo wanapenda sana mahali pembamba penye joto, na chini ya bawa la trei ndo penyewe. Makombo yanaingia pale huoni. Kila Jumamosi kwangu trei inatolewa nzima, bawa linafungwa na kufunguliwa, linafutwa, mpira unakung'utwa nje. Dakika kumi. Usipulize dawa ndani ya droo ya vijiko na usimwage ule unga wa mende humo, vijiko vinaenda mdomoni. Dawa weka nyuma ya friji na chini ya sinki, droo ilinde kwa ukavu na kwa kukosa makombo.

Kitu cha mwisho kwa wapangaji wenzangu. Trei ya kupanuka ni mali yako, sio ya mwenye nyumba, siku ya kuhama usiiache. Funga mabawa yote ndani, ifunge raba au kamba pande mbili yasiteleze, acha vijiko humo humo kwenye vyumba vyao, funika na khanga ufunge fundo juu, visu tu ndo vitoke vifungwe peke yake. Ukifika nyumba mpya, jambo la kwanza usiku ule utahitaji kijiko cha kukorogea chai, na utajua kilipo.