Kabla hujaripoti kambini na dawa kwenye begi

Mtu akijiandaa kwenda jeshini anahangaika na buti, vyeti na mazoezi ya kukimbia, halafu dawa anazomeza kila siku anazitupia tu kwenye kona ya begi karibu na mswaki. Hapo ndo shida inapoanzia. Jeshini hawaulizi tu dawa inakutibu nini, wanauliza pia ukishaimeza unaweza kufanya nini ukiwa na silaha mkononi, au usukani, au mzigo mgongoni saa nane mchana jua likiwa utosini.

Cha kwanza, na kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote, sema. Fomu ya afya ikiuliza kama una pumu, presha, kifafa, sukari au umewahi kuandikiwa dawa za sonona, jaza ukweli. Kuna wale wanaoshauri "we kausha, hawatajua", na hao hawatakuwepo siku kifua kinakubana katikati ya mbio na inhela umeificha kwenye soksi kule bwenini. Ugonjwa unaweza ukapatiwa njia, kuna majeshi yanatoa ruhusa maalum baada ya vipimo, kuna kupangiwa kazi nyingine, kuna kuambiwa rudi mwakani hali ikishatulia. Ila fomu uliyodanganya ni kesi ya nidhamu, na inaweza kufukuliwa hata ukiwa umeshavaa cheo. Halafu usije ukaacha dawa ghafla ili siku ya vipimo uonekane mzima, dawa za kifafa ukizikata hivyo unaweza kuanguka, na baadhi ya za presha zinafanya presha irudi juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, sio yako wewe na kioo cha bafuni.

Makaratasi sasa. Cheti cha daktari kiwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la dawa yenyewe (sio la kibiashara peke yake, manake hayo yanabadilika nchi na nchi), nguvu yake, unameza mara ngapi, kwa ugonjwa gani, na tarehe. Dawa zibaki kwenye pakiti au chupa yake yenye lebo. Vidonge vya rangi tatu vimechanganywa kwenye kikopo kimoja, nani atakuamini? Na ile ya maumivu iliyobaki toka ulipong'olewa jino mwaka jana iache nyumbani, kwa sababu uliandikiwa jino lile na siku zile, ukiimeza leo kwa sababu goti linauma unaweza kuhesabika umetumia dawa bila ruhusa. Ya mwenzio ndo usiiguse kabisa hata akikupa kwa roho safi.

Kwenye kupimwa mkojo watu wanashangaa sana. Kodeini, ile dawa ya maumivu na kikohozi, ikiingia mwilini sehemu yake inageuka mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, kwa hiyo ulikunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini na maabara inaona mofini kwenye chupa yako, haijui habari ya kikohozi. Kipimo cha kwanza ni cha kuchuja tu na kinaweza kukosea, ndo maana kinachotia shaka kinarudiwa kwa kipimo makini zaidi, halafu majibu yanalinganishwa na ulichoandikiwa. Bila cheti hakuna cha kulinganisha. Februari 2023 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaonya wanajeshi wake waache hata mikate yenye mbegu za popi (mmea unaotoa kodeini na mofini), kisa kodeini kwenye mkojo. Mbegu za mkate! Basi wewe wa sirapu na vidonge vya kujaza misuli vya kwenye mtandao jitafakari.

Halafu linganisha dawa na kazi. Klorofeniramini, kile kidonge kidogo cha mafua na aleji, kila mtu anakiona cha kawaida, ila kinakaa mwilini muda mrefu, kwa wengi inapita siku nzima. Umekimeza saa mbili usiku, saa tisa uko lindo, bunduki begani, macho yanajifunga yenyewe, unasikia hatua za mtu na inakuchukua sekunde kadhaa kukumbuka neno la siri. Mwambie daktari "mi nakaa lindo usiku" au "mi ni dereva" kabla hajaandika, kuna nyingine kama loratadini ambazo kwa kawaida hazilazi sana. Rubani na mzamiaji wao wanabanwa zaidi, wasimeze kitu chochote kipya bila daktari wa kikosi.

Joto nalo. Hizo hizo za aleji za zamani zinaweza kupunguza jasho, za presha za kukojoza zinatoa maji na chumvi, na aibuprofeni, ile ya maumivu ambayo askari wanaitafuna kama pipi baada ya matembezi marefu inaumiza figo ukiwa huna maji mwilini. Kama unatumia mojawapo, ulizia kabla ya zoezi, sio baada ya kuanguka.

Ukipangiwa misheni hesabu siku. Kamandi ya Marekani inayosimamia Mashariki ya Kati imekuwa ikidai askari aende na dawa za siku 180. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8, na kwenye hema hakuna friji, hilo lijibiwe kabla ya safari. Kinga ya malaria ina ratiba yake, doksisaiklini unaanza siku moja au mbili kabla na unaendelea wiki 4 baada ya kutoka huko, na inafanya ngozi iungue na jua haraka. Meflokwini, kinga nyingine ya malaria, ilipewa onyo kali kabisa Marekani mwaka 2013 kwa madhara ya akili na kizunguzungu, kwa hiyo kama umewahi kuwa na sonona au wasiwasi uliopitiliza mwambie daktari mapema akupe nyingine. Mipaka pia, dawa halali kwenu inaweza kuwa kosa kwingine, Japani kwa mfano hairuhusu dawa zenye amfetamini (kichangamshi cha ubongo) hata uwe na cheti.

Ukishakuwa ndani, ukaenda hospitali ya nje wakati wa likizo ukaandikiwa kitu, kipeleke zahanati ya kikosi kiingie kwenye faili kabla hujarudi zamu, wao ndo wataamua kama unahitaji ED (ruhusa ya kupumzishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa) au unaendelea na kazi. Na nakala ya cheti usiiache kwenye simu tu, simu inaweza kukusanywa getini siku ya kwanza. Toa kopi mbili, moja kwenye begi, moja uvae nayo.