Namna ya Kuwasimulia Watoto Kisa cha Narasimha
Anayetaka kuwasimulia watoto kisa hiki cha dini ya Kihindu jioni ya baridi ya Mbeya, wakiwa wamelizunguka jiko la mkaa, aanze na Hiranyakashipu, mfalme wa asura, yaani viumbe wapinzani wa miungu, ambaye Brahma, mungu muumbaji, alimwahidi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Masharti hayo yatajwe polepole, kwani utamu wote umo humo. Mateso ambayo mfalme alimpa Prahlada, mwanawe, kwa kumcha mungu Vishnu, yafupishwe. Wadogo wataogopa bure. Kisha Vishnu achomoze nguzoni jua likizama, kwa umbo la Narasimha, nusu mtu nusu simba, amlaze adui mapajani pake kizingitini na kumrarua kwa kucha. Watoto wenyewe ndio wakague kama kuna sharti lililovunjwa.